Linki Zilizokufa Jumanne

Saa mbili na nusu asubuhi ya Ijumaa, Swaibu alikabidhiwa kesi ambayo hukumu yake ilikuwa imeshapigwa chapa. Thamer, meneja wa kampuni ya Mkeka, aliisukuma karatasi juu ya meza akamwonyesha kwa kidole pahala pa kutia sahihi, chini ya maneno "Uchunguzi umefanyika, mhusika ni Rispah." Kilichobaki sasa, alisema Thamer, ni huo uchunguzi wenyewe.

Swaibu hakutia sahihi. Alilinda mlango wa duka kubwa la Deira, hapa Dubai, miaka tisa, na huko alijifunza kwamba anayekuletea kalamu kabla ya chai ana lake jambo. Aliomba chai kwanza. Yeye alikuwa Mganda wa Jinja, mlinzi wa jengo kwa mujibu wa karatasi zake za kazi, na mpelelezi kwa bahati mbaya. Upelelezi ulimwangukia mwaka jana alipotafuta nani anakula chakula cha Thamer kwenye friji ya ofisi. Mlaji alikuwa Thamer mwenyewe, aliyekuwa akila saa tano na kusahau saa saba. Tangu siku hiyo kila kilichopotea kwenye ghorofa ya tatu kilipelekwa kwa Swaibu.

Safari hii zilikuwa zimepotea linki mia mbili na kumi na nne.

Thamer alimweleza polepole, kama mtu anayemweleza babu yake. Mkeka ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta, amri zake zote ni za Kiswahili, na wanaitengeneza hapa hapa Al Baraha, juu ya duka la udi. Lugha ina mwongozo wake kwenye mtandao, kurasa mia nne. Ndani ya kurasa hizo kuna linki: unabonyeza neno, unapelekwa ukurasa mwingine unaolieleza. Tangu Jumanne ukibonyeza unapelekwa kwenye maandishi mekundu yanayosema ukurasa haupo. Chuo kimoja cha Mombasa kitaanza kufundisha kwa mwongozo huo Jumatatu, wanafunzi mia sita, na jana mwalimu wao alituma ujumbe wa neno moja tu: Jamani.

Ushahidi, kwa maneno ya Thamer, ulikuwa mweupe pee. Mtambo huandika wenyewe nani amegusa nini na saa ngapi. Kurasa ziliguswa Jumanne, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja, kwa jina la Rispah, mwandishi wa mwongozo. Fomu ya kumfutia viza ilikuwa tayari. Mandubu, yule mtu wa kampuni anayepeleka karatasi kwenye ofisi za serikali, angekuja kuichukua saa tano na nusu, kabla watu hawajatoka kwenda kusali Jumaa.

"Na yule mtoto?" Swaibu aliuliza.

Thamer alitazama dirishani. Ghorofa nzima ilijua habari za mtoto. Emiliana, miaka sita, alikuwa aje Jumapili kutoka Kakamega kuishi na mamake, kwa viza iliyoning'inia kwenye viza ya mamake. Mama akifutiwa, mtoto hapandi ndege. Rispah alikuwa amebandika picha yake kwenye meza na chini yake amepanga vijikaratasi vya siku, anabandua kimoja kila asubuhi. Vilibaki viwili.

Swaibu alimhoji Rispah jikoni, maana chumba cha mahojiano hakukuwa nacho. Alimuuliza Jumanne alasiri alikuwa wapi. Rispah akajibu alikuwa typing, zile ofisi ndogo za kujaziana fomu, akimalizia karatasi za Emiliana. Akatoa risiti: saa kumi na dakika tano. Swaibu akauliza, basi nani alikuwa kwenye kompyuta yake saa hiyo? Rispah akafungua bomba akaanza kuosha kikombe ambacho tayari kilikuwa kisafi.

Akamuuliza kama aliifunga kompyuta kabla ya kutoka. Akasema aliifunga. Sasa, watu wanaosema wamefunga Swaibu amewasikia maelfu, na aliyefunga kweli ukimuuliza hukasirika. Rispah hakukasirika. Aliendelea na kikombe chake.

"Nyabo," Swaibu alimwambia, kama kwao wanavyomwita mama wa heshima, "kuna mtu unamficha."

"Kuna mtu namheshimu," alisema Rispah. "Hiyo si kitu moja."

Swaibu aliipeleka risiti kwa Thamer, na Thamer hakuitazama mara mbili. Siku hizi mtu anaweza kuharibu dunia kwa simu akiwa foleni ya typing, alisema, na kama Swaibu hana kingine, kalamu ile pale.

Hakuwa na kingine, kwa hiyo alifanya anachokijua. Alichukua daftari la lindo, lile la jalada gumu, akakaa mbele ya kompyuta akaanza raundi. Alibonyeza linki ya kwanza, akaandika: mlango wa kwanza, upo. Wa pili, upo. Wa tatu, haupo. Thamer alipita akamwambia kuna programu inayokagua linki zote kwa dakika moja. Swaibu akamjibu kwamba hata kamera za duka la Deira zilikuwa zinaona duka zima kwa dakika moja, lakini hakuna kamera iliyowahi kunusa moshi. Thamer akaenda zake.

Ilipofika saa nne alikuwa ameshapita milango tisini na vidole vinamuuma, lakini moshi alikuwa ameunusa. Milango yote iliyokufa ilielekea nyumba za mtu mmoja. Mkeka wana desturi yao, kila ukurasa hubeba jina la aliyeuandika kwenye kichwa cha habari, na kila mlango aliouandika "haupo" ulikwenda kwenye ukurasa wa Abdullatif. Kurasa za wengine zilikuwa salama salimini.

Abdullatif alikuwa mwandishi wa kwanza wa mwongozo, mtu wa asili ya Unguja, na kurasa zake thelathini na moja ndizo msingi wa mwongozo wote. Miezi sita nyuma alikorofishana na Thamer mbele ya watu, akabeba kikombe chake akaondoka, na alasiri hiyo hiyo akajitoa kwenye makundi yote ya WhatsApp, la kazi, la mpira, hata la familia. Hakuna aliyemsikia tena.

Swaibu akafanya kosa la kumweleza Thamer. Uso wa Thamer ulichanua. Rispah na Abdullatif waligombana mwaka mzima, akasema, kila mtu shahidi: Abdullatif katika mifano yake alikuwa akihesabu madafu, Rispah anataka wahesabu mahindi, walifika mpaka kutoamkiana. Sababu ndiyo hiyo. Amevunja kurasa za adui yake. Swaibu alirudi kwenye kiti chake moyo umemzama. Alikwenda kumtafutia mwanamke wa watu kamba ya kumtolea kisimani, na alichopata ni ya kumnyongea.

Lakini mlinzi akiambiwa "mtu huyu hayupo" huwa na swali la pili. Wageni wangapi amewaona wakigonga chumba cha mpangaji, wanaapa kwamba ametoroka nchi, kumbe kahamia ghorofa ya juu? Swaibu akaacha kufuata linki. Akaandika kwenye kisanduku cha kutafutia jina la ukurasa mmoja uliokufa, "Orodha na Matumizi Yake", akabonyeza.

Ukurasa ulikuwepo. Mzima, haukupungua hata neno, ila kichwa chake sasa kilisomeka hivi: "Orodha na Matumizi Yake, Marehemu Abdullatif."

Swaibu aliinamia kioo. Akatafuta wa pili: "Kurudia Amri, Marehemu Abdullatif." Wa tatu: "Makosa ya Kawaida, Marehemu Abdullatif, Mungu Amrehemu." Akamwita fundi aliyekaa meza ya pili akamuuliza anwani ya ukurasa inatoka wapi. Fundi akasema mtambo huitunga wenyewe kutokana na kichwa cha habari. Ukibadili kichwa, anwani nayo inabadilika, na linki za zamani zinabaki zinagonga nyumba tupu.

Basi hakuna aliyevunja kitu. Mtu aliongeza neno moja la heshima kwenye kurasa thelathini na moja, na milango mia mbili na kumi na nne ikahama. Swaibu akajiuliza kipelelezi: ni nani huyo? Adui hakuandikii Mungu akurehemu. Tena alipousoma ukurasa wote aligundua kingine. Mikato ilikuwa imesahihishwa. Pale Abdullatif alipokuwa akiandika sentensi ndefu kama foleni ya barabara ya Sharjah, mtu alikuwa amepita na kumpumzisha msomaji kila panapostahili. Mharibifu gani anaharibu nyumba huku anafagia?

Katika ofisi ile, na pengine Dubai nzima, aliyejali mikato kiasi hicho alikuwa mmoja.

Bi Jokha alikaa kwenye chumba cha pembeni, juu ya mto aliokuja nao kutoka kwake Al Warqa, na birika la kahawa pembeni. Alizaliwa Malindi ya Unguja, akaletwa Dubai msichana, na sasa alikuwa na miaka sabini na mbili. Thamer alimwita khala, kwa kuwa ni mdogo wake mamake. Alikuja kila Jumanne na Ijumaa kusahihisha Kiswahili cha mwongozo, kwa kuwa, alisema mwenyewe, Kiswahili cha mafundi kilimtia homa.

Saa ilikuwa nne na dakika arubaini. Lakini mtu mzima hahojiwi hivi hivi. Swaibu alimwamkia shikamoo, akajibiwa marahaba, akaulizwa hali yake, mkewe, watoto, Jinja, mvua ya Jinja, akamiminiwa kahawa, akaulizwa mbona kakonda. Dakika tisa zilikwenda. Swaibu alizihesabu moja moja, na hakuthubutu kuikata hata moja.

Kisha akauliza kama ni yeye aliyeandika marehemu.

Bi Jokha hakusita. Alijibu kwamba ni yeye, na kwamba imechelewa. Jumatatu taazia ilipita kwenye kundi la misiba: Abdullatif wa kompyuta, Al Baraha, amefariki, maziko yameshafanyika. Jumanne asubuhi alimsomea khitma ya kumrehemu nyumbani kwake, wanawake kumi na wanne, na ile halwa aliyoileta ofisini siku hiyo hiyo na Swaibu akala vipande vitatu ilikuwa ya khitma hiyo. Alasiri akaja kazini akamkuta marehemu wa watu katajwa jina kavu kwenye kila ukurasa kana kwamba atakuja kesho.

"Nikamvisha," alisema. "Maiti haachwi uchi, na jina lake haliachwi uchi."

Na kompyuta? Ya Rispah, alisema, siku zote. Yeye mwenyewe alipewa neno la siri akalikataa kwa sababu mtambo ulimlazimisha atie herufi kubwa katikati ya neno, na hilo hatalifanya mpaka aingie kaburini. Kwa hiyo Rispah alimwachia ya kwake wazi kila anapotoka, ingawa sheria ya ofisi imekataza.

Swaibu akamweleza yaliyofuata: linki, mandubu, saa tano na nusu, Emiliana. Bi Jokha alisikiliza mpaka mwisho. Alikiweka kikombe chini. Akasimama kwa hasira, akaenda kwa Thamer bila viatu.

Swaibu alimfuata. Alipofika mlangoni Bi Jokha alikuwa ameshasema yote kwa pumzi moja, na Thamer amekaa hoi. Lakini si habari ya linki iliyomkalisha. Alichokishika katika yote ni kimoja.

"Abdullatif kafa?" aliuliza. "Khala, kafa lini?"

Hakujua. Tangu siku ile ya ugomvi hakumpigia hata mara moja, alisema, kila wiki alikuwa anasema wiki ijayo. Machozi yalimtoka waziwazi, meneja mzima na tai yake. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba ili linki zirudi kabla ya Jumatatu lazima neno marehemu lifutwe kwenye vichwa. Bi Jokha akasema halifutwi. Yeye hamvui mtu sanda kwa sababu ya wanafunzi wa Mombasa. Swaibu akapendekeza kuweka kama mlinzi kwenye kila mlango wa zamani, wa kuwaambia wageni mwenyeji amehamia wapi, na fundi akasema hilo lawezekana, siku mbili. Bi Jokha akakubali. Thamer akasema kabla ya yote hayo ni lazima atoe pole kwa watu wake, japo amechelewa, na akapiga simu nyumbani kwa dada wa Abdullatif, Maskati. Aliiweka mezani wote wasikie.

Mwanamume akapokea. Thamer akajitambulisha, akasema amepiga kutoa pole, kwamba ni mipango ya Mungu na sote njia yetu ni moja.

"Pole ya nini?" sauti iliuliza.

Thamer akainama karibu na simu. "Abdullatif? Ni wewe?"

"Mimi. Nani kafa?"

Thamer alimtazama khala yake, khala yake akaitazama simu.

"Wewe," alisema Thamer.

Kisha Abdullatif akasema kwamba alipoiona namba alidhani amepigiwa kuombwa radhi. Thamer akajifuta uso akamwambia na hilo pia, na akaliomba pale pale, mbele ya mlinzi, fundi na mtu mzima, na halikuwa jepesi. Bi Jokha akamnyang'anya simu. Alimwambia Abdullatif kwamba mtu mwenye akili zake hajitoi kwenye makundi yote siku moja bila kuaga, akifanya hivyo watu watamkalia matanga na makosa ni yake. Kisha akakumbuka yule Abdullatif mwingine, mzee aliyekuwa akitengeneza printa nyuma ya sokoni. Basi huyo ndiye aliyefariki, maskini.

"Khitma imemfikia mwenyewe," alisema. "Mungu hakosei anwani."

Alifuta marehemu kwa mkono wake, ukurasa kwa ukurasa, na kila alipofuta alisema alhamdulillah. Mikato hakuigusa. Swaibu alikaa nyuma yake na daftari akibonyeza: mlango wa tatu, upo. Wa saba, upo. Wa tisa, upo. Saa tano na dakika ishirini na tano marehemu wa ukurasa wa thelathini na moja alikuwa amefufuka, na Swaibu akaandika ripoti yake mwenyewe, mistari miwili: mhalifu hakuna, na marehemu hakuna. Akatia sahihi.

Mandubu aliingia saa tano na nusu kamili na mkoba wake, jasho limemlowesha, akiuliza ile fomu ya Rispah iko wapi maana maegesho ya chini ni ya dakika kumi. Thamer akasema khalas, imefutwa, hakuna fomu. Mandubu akasema asubuhi aliambiwa ipo tayari kabisa, imebaki kuchukuliwa tu. Akaifungua faili iliyokuwa mezani akaitoa.

Swaibu alikuwa hajaiona. Chini ya fomu, kwenye mstari wa mfanyakazi, palikuwa na sahihi ya Rispah, safi, bila kukwaruza, na saa iliyoandikwa pembeni ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Alitia sahihi kabla Swaibu hajanywa chai. Jikoni, alipokuwa akiosha kile kikombe, kwake yalikuwa yameshaisha.

Bi Jokha aliipokea karatasi kutoka kwa mandubu. Aliisoma yote, kama anavyosoma kila kitu, kisha akamwita Rispah.

"Ulishatia sahihi?"

"Nilishatia, Bi."

"Ungesema ni bibi kizee tu, nani angenifukuza mimi?"

"Wangesema umeharibu," alisema Rispah. "Mbele ya hawa vijana wote. Na wewe unapenda hiyo kazi."

"Na mtoto je?"

Rispah alitazama sakafu. "Ningemwambia angoje."

Hakuna aliyejua pa kuweka macho. Bi Jokha aliichana fomu vipande viwili, vinne, vinane, akavitia mfukoni mwa baibui lake ili asiokote mtu. Thamer alianza kuomba radhi kwa Kiingereza, akaacha, akaanza tena kwa Kiswahili cha nyumbani, akamwambia alimhukumu kabla ya kumuuliza na kwamba anaona haya. Rispah alimsikiliza. Hakusema si kitu, maana kilikuwa kitu. Alisema amesikia.

"Ndege yake inatua saa ngapi?" Bi Jokha aliuliza.

"Saa tisa na robo. Mchana."

"Thamer atatupeleka na gari, nami nitakuja. Mtoto anapenda kula nini?"

Asubuhi nzima Rispah alikuwa mkavu, mbele ya Thamer, mbele ya Swaibu, mbele ya kalamu. Sasa alikaa kwenye kiti cha meneja, bila kuulizwa, akalia kwa sauti, na mandubu, pamoja na maegesho yake ya dakika kumi, akavuta kiti naye akakaa kumngoja amalize.